Kabla ya Kulipia Kiwanja, Tazama Mlima

Mnunuzi wa kiwanja katika vilima vya Kitanga, wilayani Kasulu, huuliza kwanza bei, barabara na maji ya matumizi. Lipo swali jingine ambalo aghalabu husahaulika: mvua kubwa ikinyesha, maji ya mlimani hushukia wapi?

Tarehe 3 Desemba 2023, wakazi wa Katesh, mkoani Manyara, walipata jibu chungu. Mvua ililowesha sehemu dhaifu ya Mlima Hanang hadi ikameguka. Tope, mawe na magogo vilifuata makorongo na kuufikia mji ulio chini ya mlima. Watu zaidi ya 80 walipoteza maisha. Nyumba, maduka na mashamba vikafukiwa. Hivyo, kiwanja tambarare si lazima kiwe salama.

Ardhi huporomoka maji yanapojaa udongoni: udongo huwa mzito, nao hupoteza mshikamano. Ukataji wa miti huondoa mizizi inayoushikilia, na kuchimba mteremko ili kupata uwanja wa nyumba huondoa egemeo lake.

Kabla ya kulipa, zingatia haya:

1. Kikague kiwanja baada ya mvua, si wakati wa kiangazi pekee.
2. Panda juu yake uangalie nyufa za ardhi, miti iliyoinama na chemchemi mpya.
3. Epuka mdomo wa korongo. Mawe makubwa yaliyotapakaa hapo huenda yaliletwa na maporomoko ya zamani.
4. Waulize wazee na majirani. Muuzaji pekee asiwe shahidi wako.
5. Ikiwa ni ardhi ya kijiji, fika kwenye halmashauri ya kijiji, uulize pia mpango wa matumizi ya ardhi.
6. Ukikata bima ya nyumba, soma mkataba uone kama maporomoko ya ardhi yametajwa au yameondolewa.

Ikiwa tayari unaishi mahali pa namna hiyo, panda miti, chimba mifereji ya kuyaelekeza maji mbali na mteremko, na toa taarifa ya nyufa kwa uongozi wa kijiji mapema. Mto ukigeuka tope ghafla, au maji yake yakipungua ilhali mvua inaendelea, usingoje kuokoa mali. Toka na jamaa zako, mwende pembeni mahali pa juu, mbali na njia ya maji. Msikimbie kufuata bonde.