UKURASA WA AFYA: Saa ya Kwanza ya Siku Yako



Mwezi huu tuzungumze juu ya jambo ambalo sote hulifanya lakini wachache hulipanga, nalo ni kuanza siku. Wengi wetu huamka kwa kukurupuka. Jogoo amekwisha kuwika, watoto wanatafuta viatu, moto haujawaka, na mara tuko njiani bila sala, bila chakula, na mgonjwa bila dawa yake. Siku iliyoanza hivyo hutuendesha yenyewe.

Tumchukue kwa mfano mama mmoja wa miaka 68, aliyeambiwa kwenye zahanati kwamba ana shinikizo la damu. Kila asubuhi huhudhuria Misa. Hamezi kidonge kabla ya kwenda, maana bibi yake alimfundisha kwamba anayetaka kupokea Komunyo asionje kitu chochote, hata maji. Baada ya Misa kuna salamu, kuna soko, kuna mgonjwa wa kumtazama. Anarudi nyumbani saa 6 mchana, kidonge kimesahaulika. Wala haoni ubaya, kwa sababu hasikii maumivu.

Hapo ndipo penye hatari. Shinikizo la damu kwa kawaida haliumi. Likiwa 140/90 au zaidi kila linapopimwa, huharibu polepole mishipa ya moyo, figo na ubongo. Tena, tunapoamka shinikizo hupanda lenyewe, kwa kuwa mwili unajiandaa kwa kazi. Ndiyo maana kiharusi na mshtuko wa moyo hutokea zaidi kati ya saa 12 asubuhi na saa 6 mchana kuliko nyakati nyingine.

Je, Kanisa linasema nini?

Bibi yule hakukosea. Zamani ilikuwa sheria kufunga tangu usiku wa manane. Lakini mwaka 1953 Papa Pius XII alitangaza kwamba maji hayavunji mfungo wa Ekaristi. Mwaka 1964 Papa Paulo VI aliupunguza mfungo huo ukawa saa moja kabla ya Komunyo. Sheria za Kanisa za mwaka 1983, kanuni ya 919, zinasema wazi kwamba maji na dawa haviharibu mfungo. Wazee, wagonjwa na wale wanaowauguza wanaweza kupokea hata kama wamekula kitu ndani ya saa hiyo moja.

Kwa hiyo, asiwepo mgonjwa anayeacha dawa kwa ajili ya Misa. Na mwenye kisukari anayechoma sindano ya insulini asikae na njaa, maana sukari yaweza kushuka akaanguka kanisani.

Tupangeje asubuhi yetu?

Nia peke yake huchoka upesi. Tabia mpya hudumu ikifungwa kwenye jambo ambalo tayari unalifanya kila siku. Fuata hatua hizi:

1. Asubuhi huanza jioni. Mtu mzima anahitaji usingizi wa saa 7 au zaidi. Kabla ya kulala weka tayari maji, dawa, nguo na kuni. Simu iwe mbali na kitanda.

2. Amka saa ileile kila siku, kisha fungua dirisha au toka nje. Ubongoni kuna saa ya mwili, na mwanga wa asubuhi ndio unaoirekebisha. Wataalamu watatu wa Marekani walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2017 kwa kueleza jinsi saa za namna hiyo zinavyofanya kazi.

3. Sali kabla ya kushika simu. Marko anatueleza (1:35) kwamba hata Yesu alitafuta mahali pa faragha ili asali kabla hakujapambazuka. Sala ya Malaika wa Bwana haichukui hata dakika tano.

4. Ukisema "Amina", kunywa maji na umeze dawa yako. Usingoje chai, isipokuwa kama mganga amekuagiza uimeze pamoja na chakula. Uchunguzi wa Uingereza uliotolewa mwaka 2022, uliohusisha watu zaidi ya 21,000, ulionyesha kwamba kumeza dawa za shinikizo asubuhi au jioni hakuna tofauti kubwa. Lililo muhimu ni kutokosa. Kama mganga amekuandikia jioni, ifunge kwenye sala ya jioni.

5. Tembea. Dakika 30 kwa siku 5 za juma zinatosha. Kwenda Misani kwa miguu kwa mwendo wa haraka nako ni mazoezi.

6. Kula. Uji, kiazi, ndizi au yai ni bora kuliko chai tupu yenye sukari nyingi. Chumvi isizidi kijiko kimoja cha chai kwa siku nzima.

Usianze yote sita kesho. Chagua moja, ukilizoea uongeze la pili. Uchunguzi uliofanyika London, ukatolewa mwaka 2009, ulionyesha kwamba tabia mpya huchukua wastani wa siku kama 66 ili ijiendeshe yenyewe. Kwa wengine siku 18 tu, kwa wengine zaidi ya 200. Ilionekana pia kwamba kukosa siku moja hakuharibu kazi yote. Ukianguka leo, inuka kesho. Lakini angalia: ukisahau kidonge jana, usimeze viwili leo ili kufidia.

Mpenzi msomaji, anayetimiza ahadi ndogo aliyojiwekea asubuhi anajizoeza kutimiza ahadi kubwa: za ndoa, za kazi, za ubatizo wake. Mwili tumepewa tuutunze, nao hutunzwa kwa mambo madogo yanayorudiwa kila siku.

Maswali ya kujadiliana katika Jumuiya:

1. Je, katika Jumuiya yetu wako wazee wanaoacha dawa kwa sababu ya Komunyo? Nani atawaeleza?
2. Ni lini mara ya mwisho ulipimwa shinikizo la damu?
3. Ni jambo gani moja utalianza kesho, na utalifunga kwenye nini?

Mungu awajalie asubuhi njema.