Milango ya Kompyuta: Ipi Iko Wazi?

Hapa Chepkoilel hulali kabla ya kuhakikisha ghala la mahindi limefungwa. Je, kompyuta yenye daftari la akiba la kikundi, nani anaiangalia?

Kompyuta ina milango ya mtandao zaidi ya 65,000. Mafundi huiita poti. Mei 2017 virusi vya WannaCry vilipitia poti 445, ile ya kugawana mafaili, vikafunga mafaili ya watu katika nchi zaidi ya 150 na kudai dola 300 kwa kila mashine. Dawa yake Microsoft walikuwa wameitoa tangu Machi. Wengi hawakuiweka tu.

Kwenye Windows fungua cmd, lile dirisha jeusi, uandike netstat -ano. Penye neno LISTENING kuna programu inayongoja mgeni. Namba ya mwisho ni ya programu hiyo. Itafute kwenye Task Manager ujue jina lake. Usishtuke ukiona mingi, wala usizime usichokijua: hata hiyo 445 kwa kawaida utaikuta. Chunguza hasa 3389, ya kuendesha kompyuta kutoka mbali. Kama hakuna anayeitumia, zima Remote Desktop kwenye Settings. Rudia kila mwezi, siku ile mnapofunga hesabu.