SHOKA LA KUAZIMA

Somo: 2 Wafalme 6:1-7, Kumbukumbu la Torati 20:19-20



Wana wa manabii waliona mahali pao pamekuwa padogo. Wakamwomba Elisha ruhusa waende Yordani kukata miti ya kujengea. Tuangalie hapo: waliomba kwanza. Kisha chuma cha shoka kikamtumbukia mmoja wao majini, naye akalia kwa kuwa shoka halikuwa lake. (Wengine wetu tungenyamaza tu.)

Sisi wa Kinama, huku Muyinga, mahali petu nasi ni padogo na kuni hazitoshi. Vilima vinavyotuzunguka vina vijisitu vya mikaratusi, vingine vya serikali, vingine vya familia. Kwa mkulima wa Burundi kijisitu hicho ndicho akiba yake: mtoto akiugua, hukata nguzo akauza. Mkaratusi uliokatwa vizuri huchipuka tena. Lakini kisiki kikichimbuliwa kwa ajili ya kuni, basi, pamekwisha. Ndiyo maana binti zetu hufukuzwa kwa panga, na sisi tunasema wenyeji wanatuchukia.

Tuwajue wenyeji wetu. Mahali palipokuwa boma la mwami huitwa ikigabiro, na miti mikubwa iliyopandwa pale huachwa isimame kama kumbukumbu. Kule Gishora karibu na Gitega, kwenye ngoma za mwami Mwezi Gisabo aliyefariki 1908, ngoma huchongwa katika mti uitwao umuvugangoma, maana yake mti unaoifanya ngoma iseme. Mwaka 2014 UNESCO iliiandika ngoma hiyo katika urithi wa dunia nzima. Hatuabudu miti. Lakini mgeni asiyeuliza aweza kupasua kuni katika mti wenye jina.

Torati inakwenda mbali zaidi. Hata Israeli alipouzingira mji kwa vita, alikatazwa kukata miti yake ya matunda. Nasi hatuna vita na watu wa Gasorwe.

Akina mama, maharage yakilowekwa usiku huiva kwa kuni chache, na jiko la udongo hutunza moto kuliko mafiga matatu. Akina baba, kwenda kwa mwenye kijisitu na kuomba matawi makavu ni kazi yenu, si ya mtoto.

Katika vikundi vya nyumbani wiki hii tusome tena mstari wa 5, na kila familia iseme kuni zake za juma lililopita zilitoka kwa nani.