Mkuki wa Sauli na Sisi Tunaomtetea

SOMO: 1 Samweli 18:10–11, 19:1–12, sura ya 20 yote

Jumapili iliyopita muda uliniishia kabla sijamaliza somo, na wengine walikuwa wanaharakisha kwenda kukamua. Yaliyobaki nayaweka hapa. Kaa na Biblia yako karibu, sitaandika mistari yote. Nitakuonyesha ilipo, ujisomee.

Tunamjua Daudi wa Goliathi. Leo tumwangalie Daudi akiwa ndani ya nyumba ya Sauli. Anapiga kinubi. Sauli ameketi na mkuki mkononi. Ghafla anaurusha, anataka kumpigilia ukutani. Daudi anakwepa, na si mara moja, ni mara mbili. Angalia 18:11. Halafu tafuta katika sura hiyo mtu mmoja wa nyumba ile aliyesimama akasema, "Mfalme, hapana." Mimi sijampata.

Kama ingekuwa hapa kwetu Subukia, najua tungesema nini. Mfalme ana mawazo mengi. Ni roho mbaya ilimwingia, si yeye. Wale wanawake waliimba wimbo wa kumwudhi, nani asingekasirika? Na huyo Daudi naye, hebu aulizwe alifanya nini. Tena Sauli ni mtiwa mafuta, hayo mambo yasitoke nje.

Sisemi haya kwa kubahatisha. Aprili 2019 msichana aliyekuwa anasomea udaktari, Ivy Wangechi, aliuawa kwa shoka huko Eldoret, akiwa karibu kumaliza masomo. Kabla hata hajazikwa, mazungumzo kwenye matatu na kwenye simu yalikuwa kwamba "alikula pesa za kijana wa watu." Watu waliojiita Wakristo walikuwa wanahesabu nauli kana kwamba kuna kiasi cha nauli kinachotosha kununua shoka. Septemba 2024, Rebecca Cheptegei, mkimbiaji wa Uganda aliyekuwa ametoka Olimpiki ya Paris, alimwagiwa petroli na kuchomwa moto nyumbani kwake Trans Nzoia. Ilikuwa Jumapili, alikuwa ametoka kanisani na watoto wake. Alikufa siku nne baadaye. Na bado nilisikia mtu, tena wa ushirika, akisema, "Lakini si ni mambo ya shamba?" Hiyo "lakini" ndiyo inanisumbua. Tunaanza kwa pole, tunaingiza lakini, na tukimaliza sentensi aliyekufa ndiye mshtakiwa.

Msifikiri ni wanaume tu. Utafiti wa serikali kuhusu afya ya jamii wa mwaka 2014 uliuliza kama mume ana haki ya kumpiga mke kwa sababu kama kuunguza chakula, kujibizana au kutoka bila kuaga. Wanawake 42 kwa kila 100 walikubali angalau sababu moja. Wanaume walikuwa 36. Akina mama, hiyo namba ni yetu sote kuitafakari, kwa sababu ni shosho na mama mkwe wanaomwambia bibi-arusi, "Hata sisi tulichapwa na tukakaa." Utafiti kama huo wa 2022 ulipata kwamba mwanamke mmoja kati ya watatu hivi amewahi kupigwa tangu afikishe miaka 15. Hesabu viti vya safu yako Jumapili.

Kuhusu pombe nitasema kidogo tu, maana ndiyo sababu ninayoletewa sana. Mtu anatoka baa pale sokoni. Anapita karibu na kituo cha polisi, hampigi askari. Anakutana na anayemdai, anamsalimia kwa heshima zote. Anapanda boda boda na kulipa mia yake. Akifungua mlango wake ndio eti pombe inamfanya asijue anachofanya. Huyo alijua njia yote.

Sasa twende sura ya 19, na hapa mniombee, kwa sababu ni hapa andiko hili lilinipata mimi.

Yonathani anaingilia kati. Ni mtu mwema, anampenda Daudi na anampenda baba yake. Anaongea na Sauli vizuri, na Sauli anaapa kwa jina la Bwana kwamba Daudi hatauawa. Yonathani anafurahi, anamrudisha Daudi nyumbani, mambo yanakuwa kama zamani. Hiyo ni mstari wa 7. Kufika mstari wa 10, mkuki umerushwa tena. Mistari mitatu tu.

Miaka sita iliyopita, nikitumika kanisa lingine mbali na hapa, mama mmoja alikuja ofisini Ijumaa jioni jicho likiwa limevimba. Nikamwita mume wake. Yule mzee alipiga magoti, akalia machozi ya kweli, akaapa. Nami nikaguswa. Tuliomba, tukanunua soda, nikamwambia mama, "Nenda nyumbani, mpikie mzee, Mungu ameingilia kati." Kwenye daftari langu niliandika: imetatuliwa. Wiki tatu baadaye alipelekwa hospitali na majirani, taya limevunjwa kwa mguu wa kiti. Nilipoenda kumwona wodini hakunilaumu. Aliniuliza kwa shida, kwa sababu ya taya, "Pastor, bado niko na kosa gani?"

Nilisomea biashara chuoni. Mtu akificha hasara kwenye vitabu, hasara haiishi, inahamia akaunti ya mtu mwingine. Mimi siku ile niliihamisha kutoka kwa mume nikaiandika kwa mke, halafu nikaita hiyo suluhu.

Sura ya 20 inaendelea. Daudi anamwendea Yonathani na kumwambia baba yako anataka kuniua. Yonathani anajibu haiwezekani, baba hafanyi jambo bila kuniambia. Soma jibu la Daudi katika mstari wa 3, ni la busara sana: baba yako anajua unanipenda, ndio maana anakuficha wewe. Wapendwa, ndiyo maana mzee wa kanisa anaweza kusema "huyu ndugu namjua, hawezi." Unamjua akiwa na wewe. Ni mpaka mstari wa 33, mkuki uliporushwa kwa Yonathani mwenyewe, ndipo alipojua kweli. Je, tungoje mpaka hapo?

Baada ya hapo Yonathani habebi tena salamu za upatanisho. Anatoa ishara ya mishale na kumsaidia rafiki yake aondoke salama. Hata kabla yake, Mikali, binti wa Sauli, alikuwa amemteremsha Daudi dirishani usiku (19:12). Hakuna mahali Biblia inasema Daudi alikosa imani kwa kukimbia. Na kwa wale wanaouliza kama ni wanawake tu wanaodhulumiwa: Daudi alikuwa mwanamume tena askari. Kuna waume hapa wanaochapwa, na tukiwacheka tunawafungia ndani.

Na msamaha je? Daudi alimsamehe Sauli. Katika sura ya 24 Sauli analia kwa sauti. Msitari wa 22, Sauli anaenda kwake, Daudi anapanda ngomeni. Katika sura ya 26 Sauli anamwita mwanangu na kumwambia rudi, sitakudhuru tena. Daudi hakurudi. Alisamehe akiwa mbali, mahali ambapo mkuki haufiki.

Mchungaji Kiongozi amekubali tubadilishe jinsi tunavyoshughulika na kesi hizi. Mtu akija na habari ya kupigwa, atasikilizwa peke yake kwanza, na mama mmoja wa huduma akiwepo. Hatutawaita wawili pamoja. Hatutamwambia nenda nyumbani. Kama ameumizwa tutamsindikiza hospitali, na kituo cha polisi kwenye dawati la jinsia, apate fomu ya P3. Sheria ya kulinda watu dhidi ya dhuluma za nyumbani iko tangu 2015, na mahakama inaweza kutoa amri ya kumzuia anayepiga asimkaribie. Simu ya msaada ni 1195, ni ya bure. Ndugu anayepiga, tukithibitisha, atatoka kwenye huduma, hata kama ndiye anayelipa kodi ya vyombo vya muziki. Tutamwombea na kumfuatilia, lakini machozi yake hayatafunga kesi.

Niko ofisini Jumanne na Alhamisi kuanzia saa tatu. Asiyetaka kuonekana na watu wa stendi apitie mlango wa nyuma, karibu na jiko. Nitauacha wazi.