Intakula kwa Gari la Tabo: Maswali na Majibu kwa Madereva wa Kakamega

Magari madogo ya mlango wa nyuma yaliyotiwa tabo si mageni tena katika barabara za Kakamega: utaiona Golf GTI ikipita Lurambi, Impreza ya mgongo mfupi ikingoja nyuma ya trekta la miwa kwenye njia ya Malava, na mara mojamoja Starlet Glanza ya kale ambayo mwenyewe huienzi kuliko mali yake yote. Wenye magari hayo, wakishayazoea, aghalabu hushikwa na tamaa moja, nayo ni kuing'oa intakula iliyokuja na gari na kutia nyingine iliyo kubwa. Maswali yafuatayo ndiyo yaulizwayo mara nyingi gerejini, na majibu yake nimeyaandika bila haraka, kwa kuwa kipuri hiki huchaguliwa kwa macho zaidi kuliko kwa maarifa.

Swali: Mwalimu, intakula hufanya kazi gani hasa?

Jibu: Tabo ni jozi ya magurudumu madogo yaliyounganishwa kwa mhimili mmoja; la kwanza huzungushwa na moshi utokao katika injini, na la pili, likizungushwa na mwenzake, huivuta hewa ya nje na kuishindilia kuelekea kwenye silinda, ili petroli iliyo nyingi zaidi ipate hewa ya kuiunguza. Mswisi Alfred Büchi alipata hataza ya fikira hiyo mwaka 1905, na tangu zama hizo taabu yake haijabadilika: hewa ikishindiliwa hupata harara, kama ajuavyo kila aliyejaza upepo gurudumu la baiskeli akaigusa pampu upande wa chini. Harara hiyo ina madhara mawili. La kwanza, hewa iliyopata moto hutanuka, na hivyo silinda hupokea hewa haba kuliko ilivyokusudiwa. La pili, ambalo ndilo zito, ni kwamba mchanganyiko wa hewa ya moto na petroli huweza kuwaka wenyewe pasipo kungoja mwali wa cheche, injini ikagonga. Na komputa ya gari, kwa kuihofia injini, huichelewesha cheche ya plagi, dereva asijue lolote ila kwamba gari limekuwa zito. Intakula ni rejeta ya hewa, nayo huwekwa baina ya tabo na injini ili kuipunguza harara hiyo.

Swali: Lakini Kakamega si Mombasa. Hapa kuna ubaridi na mvua tele; je, hali ya hewa yetu haitupunguzii kazi?

Jibu: Hapo ndipo wengi wanapokosea, na swali hili ndilo ningependa lisomwe kwa makini kuliko mengine yote. Mji wetu umekaa mita 1,500 na zaidi kidogo juu ya usawa wa bahari, na katika kimo hicho mkandamizo wa hewa ni kadiri ya asilimia 83 au 84 tu ya ule wa pwani. Tujaalie kwamba komputa ya injini imeagizwa, kama ilivyo katika magari mengi ya siku hizi, kuijaza injini hewa yenye mkandamizo uliowekwa, na tuseme uwe mara mbili ya ule wa usawa wa bahari. Gari likiwa Kilindini, tabo huishindilia hewa mara mbili tu, na kazi imekwisha. Likiwa Kakamega, ili lifikie kiwango kile kile, tabo hulazimika kuishindilia hewa yetu iliyo nyepesi karibu mara 2.4. Hewa ya nje ikiwa na nyuzi 25 za Selsiasi katika miji yote miwili, na ufanisi wa tabo ukiwa asilimia 70, hesabu hutoa nyuzi zipatazo 118 kule pwani na 145 hapa kwetu. Tofauti hiyo ya nyuzi 27 haiwezi kufidiwa na ubaridi wa asubuhi. Fauka ya hayo, hewa ile ile nyepesi ndiyo ipitayo kwenye mapezi ya intakula kuipoza, nayo kwa wepesi wake hubeba joto dogo zaidi. Kwa hiyo intakula iliyotosha kwa dereva wa Likoni huenda isimtoshe dereva wa Shinyalu, ijapokuwa magari yao yametoka katika kiwanda kimoja siku moja.

Swali: Basi iliyo kubwa kuliko zote ndiyo bora?

Jibu: La, hasha. Intakula hupimwa kwa mambo mawili yanayovutana: ni joto kiasi gani inaliondoa, na ni mkandamizo kiasi gani inaupoteza hewa inapopenya ndani yake. Kuhusu la kwanza, hesabu ni nyepesi. Hewa ikiingia na nyuzi 145, ikatoka na nyuzi 50, ilhali ya nje ina nyuzi 25, basi imepoteza nyuzi 95 katika 120 zilizowezekana, yaani kadiri ya asilimia 79, na hicho ni kiwango cha kuridhisha kwa gari la barabarani. Kuhusu la pili, upotevu wa pauni moja, au moja na nusu, kwa inchi ya mraba unavumilika. Ukizidi hapo sana, tabo huongezewa kazi ya kuurudisha mkandamizo uliopotea, na kwa kuongezewa kazi huzidi kuipasha hewa moto, ukawa umenunua kwa fedha nyingi harara ile ile uliyotaka kuiondoa.

Kuna aina mbili kuu za kiini. Ile ya mirija ni nyepesi, na huiachia hewa ya nje kupita hadi kwenye rejeta ya maji iliyo nyuma yake. Ile ya mabamba ni nzito na imara dhidi ya mawe, na kwa uzito wake huweza kumeza joto la ghafula, kwa mfano unapolipita lori moja na kurudi katika safu yako. Lakini ikishajaa joto hukawia kupoa, na huizibia rejeta zaidi. Rai yangu, kwa mtu anayekwenda kazini na mara mojamoja Kisumu, ni kiini cha mirija, au cha mabamba kisicho kinene. Unene huwahadaa wengi: eneo linalotazama upepo ndilo lenye faida kubwa, kwa kuwa hewa ipozayo, ikishapenya sehemu ya mbele, huwa imekwisha kupata moto, na sehemu ya nyuma hupata salio tu.

Angalia pia mapezi yamesongamana kadiri gani. Yaliyobanana sana hupendeza dukani, lakini katika nchi ya vumbi jekundu, matope, makapi ya miwa na kumbikumbi watokao kwa maelfu baada ya mvua, huziba upesi na kusafishika kwa taabu.

Swali: Golf yangu ni ya 1.4 TSI, nami nimeletewa intakula ya kufunga mbele. Nifunge?

Jibu: Usifunge, mwanangu, mrudishie mwenyewe. Injini za 1.4 TSI zenye tabo peke yake, zikiwamo zile za Golf ya kizazi cha saba, hupoza hewa kwa maji, na intakula yake imefichwa ndani ya bomba la kuingizia hewa lililoshikamana na injini. Huko hakuna pa kuunga mabomba ya mbele bila kulibomoa umbo zima. Kagua pampu ndogo ya maji ya mzunguko huo, na kiasi cha maji yake. Aghalabu hitilafu iko hapo. Golf GTI ya lita mbili ni jambo jingine: hiyo hupoza kwa hewa, na kuibadilishia kunawezekana.

Swali: Nami nina Impreza, na intakula yake imekaa juu ya injini, chini ya tundu la boneti. Je, niihamishie mbele?

Jibu: Ukweli ni kwamba mahali hapo pana kasoro na fadhila zake. Gari likisimama kwa muda katika msongamano wa mjini, moto wa injini hupanda na kuipasha intakula hiyo, na ukiondoka ghafula utauhisi uzito kwa nusu dakika au zaidi. Fadhila yake ni kwamba mabomba ni mafupi, na tabo huitika upesi. Vilevile, chini ya boneti haipigwi na mawe wala haikwaruzwi na matuta, na barabara yetu ya kuelekea Kisumu ina matuta ya kutosha kukivunja kila kitu kinachoning'inia.

Wapo wanaotoa hoja ya mashindano. Ni kweli kwamba Lancia Delta Integrale, nalo ni gari la mlango wa nyuma lenye tabo, lilishinda Safari Rally mikononi mwa Miki Biasion mwaka 1988 na 1989, na mikononi mwa Juha Kankkunen mwaka 1991, na intakula yake ilikuwa mbele. Lakini gari lile lilifuatwa na mafundi wenye vipuri, wala mwenyewe hakulihitaji Jumatatu kupeleka watoto shule. Kwa Impreza isiyobadilishwa komputa, nakushauri uutazame kwanza mpira unaoziba baina ya boneti na intakula: ukichakaa, upepo uingiao katika tundu hutoroka pembeni, na intakula hubaki bila kazi. Mpira huo ni rahisi kuliko mabomba yote ya mbele.

Swali: Tufahamishe basi namna ya kuifunga ya mbele kwa anayeazimia.

Jibu: Bampa huvuliwa kwanza, kisha hupimwa nafasi iliyopo baina ya chuma cha bampa na kondensa ya kiyoyozi. Chuma hicho hakikatwi. Nimeona mafundi wakikichonga kwa mashine ili intakula nene ipate makazi, na mwenye gari akashukuru. Hakujua kwamba kilichochongwa ndicho kipokeacho kishindo gari linapogonga. Isiyoenea bila kukata chuma si ya gari lako.

Intakula hushikizwa kwa vyuma vyenye raba, kwa sababu mtikisiko wa barabara ya murramu huipasua aluminiamu iliyobanwa kavu. Sehemu yake ya chini isishuke kupita ukingo wa bampa. Kisha, na hapa ndipo kazi nyingi za haraka huharibika, nafasi zote zilizo pembeni, juu na chini yake huzibwa kwa sponji ngumu au bati la aluminiamu, mpaka upepo uingiao kwenye bampa usiwe na njia ila kupenya katika mapezi. Intakula ya wastani iliyozibwa vema huishinda kubwa iliyoachwa wazi, na sponji ni bei ya chai.

Mabomba yawe mafupi, yenye kona chache, na upana wa inchi mbili hadi mbili na nusu kwa injini zisizozidi lita mbili. Miisho yake iwe na ukingo uliovimba ili mpira usichomoke. Mipira iwe ya silikoni yenye tabaka za kitambaa, na klampu ziwe za bolti. Kwa kuwa injini huyumba kila uongezapo moto, lazima pawe na kipande cha mpira kinachokubali mwendo huo. Kama bomba lahitaji kuungwa, kumbuka kwamba aluminiamu huchomelewa kwa mtambo wa gesi ya agoni. Mashine ya kuchomelea madirisha haifai.

Mwisho, mfumo wote huzibwa na kujazwa upepo wa kompresa kwa mkandamizo wa kiasi, na kila kiungo hupakwa povu la sabuni. Gari lenye sensa inayopima hewa kabla ya tabo, likivuja baada yake, hunyunyiza petroli kwa hewa isiyofika, na utauona moshi mweusi. Likishapita, lipeleke Kiboswa ukapande nalo mlima hadi Majengo, kiyoyozi kikiwa kimewashwa, ukiitazama sindano ya joto la maji. Ikipanda kuliko desturi, intakula imeinyima rejeta upepo.

Swali: Je, ya mtumba kutoka Kirinyaga Road yafaa?

Jibu: Yafaa, ikiwa utaichunguza. Imwagie petroli ndani, uitikise na kuimimina katika karai jeupe: mafuta machache si neno, lakini ukiona chembe za chuma, tabo ya gari la kwanza ilivunjika humo, na chembe hizo zitaishia katika silinda zako. Kisha iachwe ikauke kabisa. Izibwe mdomo mmoja, itiwe upepo, izamishwe majini, mapovu yatasema.

Swali: Nitapata nguvu kiasi gani?

Jibu: Kwa gari ambalo programu ya komputa yake haijaguswa, faida kubwa utakayoipata ni kwamba nguvu zilizoahidiwa na kiwanda hazitapungua mlimani wala adhuhuri; nyongeza ya dhati huja pale tu programu inapobadilishwa na mtu anayeifahamu. Kwa hiyo, kabla hujatoa fedha, ivue intakula uliyo nayo, ioshe mapezi kwa maji yasiyo na kasi kubwa, kwa kuwa mashine ya kuoshea magari huyapinda, iondoe mafuta ya ndani, badilisha mipira iliyochoka, pima uvujaji, kisha upande tena mlima ule ule. Magari mengi huishia hapo. Na utakayeendelea, iarifu kampuni ya bima yako kwa maandishi kabla ya kufunga, kwa kuwa badiliko lililofichwa huweza kuwa sababu ya dai kukataliwa.