ZIWA SI BWAWA, NA MVUA YA NAIROBI HAIJAZI NDAKAINI



Mwezi wa Aprili mwaka wa 2018 mvua ilinyesha Nairobi hata barabara zikageuka mito. Magari yalikwama na watu wakavushwa kwa mikokoteni. Lakini mgao wa maji uliokuwa umeanza Januari 2017 uliendelea vile vile, na habari zikawa ni zile zile: bwawa la Ndakaini bado halijajaa. Mtaani kwetu watu walikasirika. Wengine walisema bwawa limetoboka, wengine wakasema tunadanganywa. Mimi nilikuwa bado mtoto wa shule ya msingi, kazi yangu ikiwa kupanga mitungi kwenye foleni, na swali lililokuwa kinywani mwa kila mtu lilikuwa moja: mvua yote hii inaenda wapi?

Mwaka huu chama chetu kiliungana na wanafunzi wa Jiografia tukafanya ziara mbili katika nchi ya juu, moja Murang'a na nyingine Nyandarua. Mwalimu mlezi ameniomba niandike somo, si hadithi ya safari. Ile ya nani alitapika ndani ya basi mtaisikia kwa wenyewe.

Tuanze na maneno, maana sisi ni chama cha lugha. Ziwa ni maji mengi yaliyotuama katika bonde la asili. Hakuna aliyelichimba wala kulijengea ukuta. Bwawa, kwa maana tunayoitumia siku hizi, ni maji ya mto yaliyozuiwa kwa ukuta. Lakini neno hilo hilo hutumika pia kwa maji yoyote yaliyosimama, yenye matope na majani, kwa hivyo mzee wa Pwani akisikia kwamba watu wa Nairobi wanakunywa maji ya bwawa huenda akatuhurumia. Lambo ni dogo, la kuchimbwa shambani ili ng'ombe wanywe. Kinamasi ni ardhi iliyolowa maji, yenye mafunjo na matete. Ubaya ni kwamba mtaani sote tunaazima neno la Kiingereza, nalo likitiwa irabu mwishoni linakuwa damu. Mwenzetu mmoja alisema "tunaenda kuona damu ya Sasumua", basi zima likaangua kicheko.

Sasa twende Ndakaini. Bwawa hili liko Gatanga, Kaunti ya Murang'a, kwenye kimo cha mita 2000 hivi kutoka usawa wa bahari. Lilikamilika mwaka wa 1994. Ukuta wake si wa saruji kama nilivyokuwa nikidhani. Ni wa udongo na mawe yaliyoshindiliwa, umeoteshwa nyasi, na ukisimama upande wa chini utafikiri ni kilima cha kawaida. Pande zote ni majani ya chai, kijani kitupu. Mito inayoingia ni Thika, Githika na Kayuyu, yote ikishuka kutoka msitu wa milima ya Nyandarua, ile ambayo ramani nyingi huiita Aberdare. Maji yakitoka bwawani hupitishwa katika mahandaki chini ya vilima hadi Ng'ethu, husafishwa huko, kisha huteremka kwa mabomba hadi jijini.

Hebu tazama ramani, na jibu la swali la 2018 litajitokeza lenyewe. Nairobi iko chini ya Ndakaini kwa karibu mita 300. Mvua inayonyesha Nairobi huingia katika mito ya Nairobi, Mathare na Ngong, ikafika Mto Athi, ikaelekea Bahari ya Hindi. Hata ikinyesha siku arobaini, tone moja halitapanda mlima likaingie bwawani. Kinachojaza Ndakaini ni ule mteremko wa msitu ulio juu yake peke yake. Upepo wa kusini mashariki huleta unyevu kutoka baharini, ukagonga milima, ukapanda, ukapoa, mvua ikanyesha upande ule. Sehemu za huko hupata milimita 2000 kwa mwaka na zaidi, yaani karibu mara mbili ya Nairobi. Ikiwa mvua imepungua pale mlimani, mafuriko ya mjini hayasaidii kitu. Tena baada ya kiangazi kirefu udongo wa msitu hunywa kwanza, kama sifongo, ndipo mito ianze kunenepa. Kumbe hakuna aliyetoboa bwawa!

Jambo lililonishangaza zaidi nililipata kwa hesabu, tulipokuwa tumekaa kwenye nyasi tukila mkate. Ndakaini ikijaa hubeba mita za ujazo milioni 70. Mitambo ya maji ya jiji ilijengwa kutoa zaidi kidogo ya mita za ujazo 500,000 kwa siku. Gawanya. Unapata siku 140, hata miezi mitano haifiki. Ni kweli mabwawa mengine husaidia, lakini Sasumua haifiki hata robo ya Ndakaini, na lile la Ruiru, lililojengwa mwaka wa 1950, hubeba karibu milioni 3 tu. Kwa hivyo bwawa lile kubwa, ambalo ukilitazama unadhani halitaisha hata wajukuu wetu wakizeeka, kazi yake ni kutuvusha kutoka msimu mmoja wa mvua hadi mwingine. Vuli ya 2016 ilikuwa mbaya, na Januari tukaanza kugawiwa maji. Siku hizi kuna handaki la kilomita karibu 12 la kuleta Ndakaini maji ya mito Maragua, Gikigie na Irati. Wenyeji wa Murang'a waliuliza, na nadhani walikuwa na haki ya kuuliza, mito yao itabaki na nini wakati wa kiangazi.

Ziara ya pili ilitupeleka Sasumua, karibu na Njabini katika Kinangop Kusini. Bwawa hili ni la mwaka wa 1956, nalo liko juu zaidi ya Ndakaini. Baridi yake si ya mchezo. Hapa hakuna chai. Ni viazi, kabichi na njegere hadi karibu na maji. Mwalimu wa Jiografia alitukataza kusimama tukitazama katikati ya bwawa tu. Alitupeleka mahali kijito kinapoingia, na pale maji yalikuwa rangi ya chai ya maziwa, ilhali kule ukutani yalikuwa karibu buluu. Ule ni udongo wa mashamba. Ukifika kwenye maji yaliyotulia hushuka chini ukalala, mwaka baada ya mwaka, na kila toroli la udongo linalolala humo ni nafasi ya toroli moja la maji iliyopotea. Mahali mkulima alipoacha ukanda wa nyasi kando ya kijito, maji yalikuwa na nafuu.

Tulionyeshwa pia njia ya maji ya ziada, ile ya saruji kando ya ukuta. Wengi waliipita wakitafuta mahali pa kupigia picha, lakini kwa maoni yangu ndiyo sehemu ya kusomwa kuliko zote. Ukuta wa udongo hauogopi maji yanayousukuma. Unaogopa maji yanayopita juu yake, kwa maana yakipita huanza kuumega. Kwa hivyo lazima yapewe mlango wao. Mwaka wa 2003 mvua kubwa iliharibu njia hiyo hapo Sasumua, na bwawa halikuweza kujazwa kama kawaida hadi ilipotengenezwa. Na tarehe 9 Mei 2018 usiku, kule Solai katika Kaunti ya Nakuru, ukuta wa udongo wa bwawa la shamba ulipasuka na watu zaidi ya 40 wakafa, wengi wakiwa watoto na akina mama. Ukiwa umesimama juu ya ukuta kama ule, na nyumba za watu ziko chini yako, habari hiyo huisomi tena kama ya gazeti.

Barabarani tulikutana na mama mmoja na mkokoteni wa punda uliojaa mitungi. Tulimwamkia, akatuuliza, "Wanangu, mmetoka wapi?" Tukasema Nairobi, tumekuja kuona bwawa. Akacheka. "Basi mmekuja kusalimia maji yenu. Sisi tunayatazama tu, ya kwetu tunachota mtoni." Hakusema kwa uchungu, lakini hakuna aliyekuwa na la kumjibu, hata mwalimu.

Kutoka hapo tulipitia Engineer na Ol Kalou hadi Ziwa Ol Bolossat, upande wa magharibi wa milima, ambako mvua ni chache kwa sababu imeshanyesha upande wa pili. Sasa hili ni ziwa hasa. Halina ukuta, halina mlinzi mwenye funguo. Maji yake hutoka katika chemchemi na vijito vya milimani, na hutokea kaskazini kama Mto Ewaso Narok, ambao huporomoka kwenye Maporomoko ya Thomson pale Nyahururu, mita 74 hivi, kisha hujiunga na Ewaso Ng'iro kuelekea Samburu na Isiolo. Ng'ombe wa Isiolo hawajui kwamba wanakunywa maji ya Nyandarua. Tuliwaona korongo taji wengi wakitembea kama mabwana harusi. Viboko tuliwasikia tu wakikoroma ndani ya mafunjo.

Hapa ndipo nilipoelewa tofauti ya ziwa na bwawa kwa miguu yangu. Ndakaini iko kwenye bonde lenye kingo za mwinuko: maji yakishuka mita moja, unaona ukanda mwembamba wa udongo mwekundu, basi. Ol Bolossat ni kama sahani. Maji yakishuka mita moja, ukingo unakimbia mamia ya hatua, na ardhi nyeusi, yenye rutuba, inabaki wazi. Mtu akiiona atalima, nani asingelima? Halafu mvua nzuri ikirudi, ziwa linarudi mahali pake, na watu wanalia kwamba limevamia mashamba. Ziwa hili lilitangazwa rasmi kuwa eneo la kulindwa mwaka wa 2018, lakini bado tuliona majembe na ng'ombe karibu kabisa na maji.

Wa kidato cha pili watakaokwenda mwaka ujao: andikeni barua ya ruhusa mapema, maana Ndakaini na Sasumua hamwingii hivi hivi tu. Bebeni sweta na viatu vya matope. Msiogelee, kingo ni za ghafla na maji ni baridi mno. Mkifika, ulizeni kwanza maji yanaingilia wapi na yanatokea wapi, ndipo mpige picha. Na Ol Bolossat msikaribie mafunjo jioni, viboko hutoka kula saa hizo.