Ramani ya Tovuti: Kuitengeneza na Kuitunza

Katika makala haya tunakusudia kueleza jinsi ya kufundisha utengenezaji wa ramani ya tovuti, na zaidi ya hapo, utunzaji wake. Kazi ya kwanza huchukua saa chache. Ya pili haina mwisho.

Tunapendekeza somo lianzie kwenye jambo linalojulikana, yaani daftari la mahudhurio. Mwalimu mgeni akilifungua, hupata jina la kila mwanafunzi, hata la yule mkimya aketiye nyuma. Ramani ya tovuti ni faili lenye orodha ya namna hiyo: lina anwani za kurasa, na husomwa na mitambo ya kutafutia habari katika intaneti. Mitambo hiyo hufuata viungo toka ukurasa hadi ukurasa. Kwa hiyo ukurasa usio na kiungo waweza kusahauliwa. Google ilianzisha utaratibu huu mwaka 2005. Yahoo na Microsoft zikaukubali mwaka 2006.

Hatua za kutengeneza ni hizi:

1. Wanachuo waorodheshe karatasini kurasa zote za tovuti.
2. Waondoe kurasa zilizofutwa, zinazompeleka msomaji kwingine, na nakala za ukurasa uleule.
3. Waandike anwani kamili ya kila ukurasa, pamoja na tarehe uliporekebishwa mwisho, wakianza na mwaka, kisha mwezi, kisha siku. Kwa mfano 2024-03-15.
4. Faili liwekwe kwenye tovuti, na anwani yake itajwe ndani ya faili liitwalo robots.txt. Faili moja lisizidi anwani 50,000 wala megabaiti 50.

Sasa tuangalie utunzaji. Mwalimu atiaye alama ya kuwapo mbele ya kila jina bila kuwaita wanafunzi ana daftari safi lisilo na maana. Vivyo hivyo, zipo programu ambazo kila siku huzipa kurasa zote tarehe ya leo. Google imeeleza kwamba huzitumia tarehe hizo pale tu zinapothibitika kuwa za kweli wakati wote. Hivyo tarehe za uongo hupoteza imani, na siku maelezo ya somo yatakaposahihishwa kweli, hakuna atakayeziamini. Atakayeumia ni mwalimu wa mbali aendeleaye kupata maelezo yenye makosa.

Hata hivyo, wanachuo wasidhani kwamba ramani inatosha. Humjulisha mtafutaji kuwa ukurasa upo, haimlazimishi kuuonyesha.

Zoezi: Kila kikundi kipewe kadi 10 zinazowakilisha kurasa, na ramani yake karatasini. Mwalimu aondoe kadi moja, aongeze moja na kurekebisha maandishi ya mbili. Kikundi kisahihishe ramani, kisha kijibu: Ni tarehe zipi zilizostahili kubadilishwa, na kwa nini nyingine ziliachwa? Jibu la swali hilo la mwisho ndilo kipimo cha somo.